Nilimwambia Mzee Hiyo Ni Sauti ya Mkewe

Nimekosa, na kosa langu limewaangukia watu wawili: mama mmoja ambaye nilifuta sauti yake, na mumewe ambaye nilimfanya aamini kwamba amemsahau mkewe.

Naandika bila jina langu, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Lakini mtu wa Utange, hapa kwetu Mombasa, akisoma mpaka mwisho atanijua. Na anijue. Nimechoka kusalimiwa kama mtu mwema.

Mimi ni fundi wa friji na feni. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Nilinunua friji mbovu, nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena mpaka ikagandisha. Kila ninachokijua nimekipata hivyo. Nilipoingiwa na hamu ya kurekodi nyimbo nilijifunza vilevile, kwa kusoma, kwa kuwatazama wengine kwenye simu, na kwa kuharibu.

Sikutaka nyimbo za studio. Katika kanisa letu dogo la mabati kuna nyimbo ambazo hazimo kitabuni. Kina mama huzitunga wakipalilia au wakimuuguza mtu, kwa mahadhi ya kwao bara na kwa kayamba. Mwenye wimbo akifa, mara nyingi wimbo humfuata. Nikasema nitaziweka. Chumba cha nyuma nikakitundika magodoro ukutani ili kuzuia kelele za tuktuk, nikapata maikrofoni ya mtumba na kompyuta kuukuu, nikaanza. Wimbo ukiwa tayari niliugawa bure, kwenye magrupu ya simu na kwa kadi ndogo za kuhifadhia nyimbo, kwa yeyote aliyeutaka.

Nilijiona nafanya kazi ya Mungu. Labda mwanzoni nilikuwa naifanya.

Kulikuwa na wimbo mmoja nilioutamani kuliko nyingine zote. Aliutunga mama mmoja mfanyabiashara wa mboga, nitamwita Mama Kahindi. Yeye alitoa mstari, na rafiki yake wa siku nyingi, Mama Sidi, akaitika. Mama Kahindi aliimba, “Bwana, mlango wako mdogo, na mzigo wangu mkubwa.” Mama Sidi akaitika, “Inama, mwanangu, inama uingie.” Wimbo wote ndio huo, na mizigo ikibadilika: mara ugonjwa, mara kiburi, mara chuki na jirani. Watu wazima walikuwa wakilia.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Mama Sidi alikuwa haitiki kwa wakati. Mama Kahindi hajamaliza kusema “mkubwa”, yeye ameshaingia na “inama”. Tena aliingia chini kidogo ya sauti inayotakiwa, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo, kama mtu anayejibu kutoka chumba cha ndani. Kanisani hakuna aliyeona kasoro. Mimi niliiona, kwa sababu nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimejua mapigo, nimejua kupima sauti kwa mashine, na nilichokijua kipya kilinifanya kiziwi kwa nilichokuwa nikikisikia tangu utotoni.

Siku ya kwanza niliwarekodi pamoja, wamesimama wameshikana mabega kama walivyozoea. Hiyo niliiita ya majaribio. Kisha nikawatenganisha, kwa sababu vitabu vilisema kila sauti irekodiwe peke yake. Nikamvalisha Mama Sidi vya masikioni, nikamwekea mlio wa kuhesabu mapigo, tik, tik, tik, nikamwambia aingie baada ya ule wa nne.

Akajaribu. Akaingia mapema. Nikamrudisha. Akaingia mapema tena.

“Fundi,” akasema, “hiki kidude chagonga kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi.”

Wenzake waliokuwa wakingoja mlangoni wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba lazima amngoje mwenzake amalize. Yeye ni mkubwa wangu kwa umri, mtu niliyempa shikamoo kila nilipomwona.

“Nikingoja wimbo wanipita, mwanangu. Mtoto akikuita, wangoja amalize jina lako?”

Nikamjibu kwamba huu ni muziki, si mtoto. Ndiyo, nilisema hivyo! Akavirekebisha vya masikioni. Baada ya hapo alijitahidi, na kila alivyojitahidi ndivyo sauti yake ilivyozidi kufa. Mwisho nikawaambia imetosha, wakaenda zao.

Nilipokaa kuusafisha wimbo, sauti ya Mama Sidi haikukubali. Nikiivuta mbele inasikika imekatwa. Nikiipandisha inakuwa kama ya bati. Nikamwita mke wangu. Mke wangu ana sauti nyororo na hupatia kila pigo, ingawa kanisani huimba katikati ya wengi na hakuna aliyewahi kumsikia peke yake. Nikamwomba aimbe kiitikio.

Akaniuliza, “Mama Sidi anajua?”

Nikasema nitamwambia mwenyewe.

Akaimba. Ilikaa sawasawa, kila kitu mahali pake. Kisha nikafuta rekodi zote za Mama Sidi, pamoja na ile ya majaribio. Nilijiambia kwamba kompyuta imejaa. Ilikuwa imejaa kweli, lakini kulikuwa na vingine vingi vya kufuta. Nilizifuta kwa sababu sikutaka mtu azikute na kulinganisha.

Wimbo ukaenda. Jamani, ulienda! Ulivuka Kisauni ukafika Changamwe. Shemeji yangu alinipigia kutoka Chaani akasema unapigwa kwa kinyozi wake. Watu wakaniandikia ujumbe wa kunibariki. Kina mama walipokusanyika kuusikiliza walipiga vigelegele. Mama Sidi aliusikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

“Hivi mimi naimba vizuri hivi?” akauliza.

Wenzake wakamtania kwamba sasa atakuwa akitafutwa na maaskofu. Yeye akanitazama mimi. “Ahsante fundi. Umenipamba.”

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na mdomo. Nikatabasamu.

Tangu hapo Mama Sidi alianza kungoja. Kanisani, Mama Kahindi akitoa, yeye alimngoja amalize kabisa, akitazama chini kama anayehesabu, ndipo akaitika kwa sauti ndogo. Siku moja akaacha kuitika, akawa anapiga kayamba tu. Mke wangu aliliona hilo kabla yangu. Aliniambia nikamweleze ukweli yule mama. Nikasema nitakwenda. Sikwenda.

Kisha Mama Sidi akaugua tumbo. Alilazwa, akatolewa, akalazwa tena. Akafariki.

Kwenye matanga, pale nyumbani kwake Utange, vijana walileta spika kubwa, na bila mtu kuniuliza wakauweka ule wimbo. Watu wakalia kwa kwikwi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki na kichwa changu mikononi, na majirani wakanipapasa mgongo wakidhani ni huzuni. Baada ya hapo tukampeleka kwao, upande wa Kaloleni, tukamzika.

Mumewe, Baba Sidi, ni mzee mtaratibu aliyefanya kazi ya kubeba mizigo bandarini ujana wake wote. Siku hizi anauza maji ya mitungi hapo nyumbani kwake. Matanga yalipovunjwa alikuja kwenye karakana yangu, mchana, akiwa na redio ndogo ya kuweka kadi. Nilimwamkia, nikampa kiti. Alikaa kwa muda akizungumzia jua. Kisha akaiwasha redio, ikaimba ule wimbo, akaizima.

“Fundi, usinielewe vibaya. Huyu si Mama Sidi.”

Nilimuuliza kwa nini asema hivyo.

“Huyu angoja. Mke wangu hakungoja. Nikimwita kutoka uani, jina sijalimaliza, ashasema abee. Miaka yote hiyo. Huyu amngoja Mama Kahindi amalize kama mtu aliye kwenye foleni.”

Mzee ambaye hajasoma kitabu hata kimoja cha muziki alikuwa amelisikia kosa langu mahali hasa lilipo. Na mimi, badala ya kupiga magoti, nilifanya nini? Nilimdanganya kwa utaalamu. Nikamweleza kwamba mashine huisafisha sauti, huondoa mikwaruzo, huipanga kwa mapigo, ndiyo maana asikia tofauti. Nilitumia maneno marefu. Nilimwambia, “Ni yeye, mzee. Ni sauti yake.”

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akatikisa kichwa.

“Basi ni mimi,” akasema. “Nimeanza kumsahau.”

Akachukua redio yake akaondoka. Nilimtazama mpaka alipokata kona ya msikiti, nikarudi kwenye feni niliyokuwa nikiitengeneza. Niliimaliza ile feni. Hivyo ndivyo nilivyo.

Mzee akaamua kujifundisha sauti ya mkewe upya. Kila aliyeenda kununua maji aliikuta redio juu ya tangi ikiimba wimbo ule ule. Aliwaambia wajukuu waje wamsikilize nyanya yao. Akaanza pia kujishuku katika mambo mengine. Mteja akimpa pesa, alimwomba azihesabu tena mbele yake. Alimuuliza mtu jina ambalo alilijua. Akawaambia watu waziwazi, bila kuona haya, kwamba akili yamtoka, kwa sababu hata sauti ya Mama Sidi haitambui, na fundi mwenyewe amethibitisha kuwa ni yake.

Nyumbani kwangu nako mambo yakaharibika. Mke wangu aliacha kuimba kanisani. Kila mzee alipokuwa karibu, yeye hakusema hata neno, alimwamkia kwa kuinamisha kichwa tu, kwa hofu kwamba akifungua mdomo atajulikana. Mzee akafikiri amemkosea. Mke wangu aliniambia jambo moja tu, nami nimelibeba hadi leo:

“Umenitia ndani ya nyumba ya mtu, Baba Neema, nikae mahali pa mkewe. Wala hukuniuliza.”

Watoto wa mzee wakakaa wakashauriana. Binti yake mkubwa, Sidi mwenyewe, alitoka Likoni akaja, na yeye na ndugu zake wakakubaliana kwamba baba hawezi tena kukaa peke yake. Biashara ya maji ifungwe, nyumba ikodishwe, yeye apelekwe bara kwa ndugu yake. Mzee hakutaka. Alisema pale Utange ndipo walipojenga na Mama Sidi, kila tofali, na huko bara atakuwa mgeni. Basi wakaitisha kikao Jumamosi moja alasiri ili waongee naye vizuri, na Sidi akaniomba na mimi nije, kwa sababu baba yake ananiheshimu.

Nilikwenda. Mke wangu alifuatana nami akiwa amebeba chupa ya chai na mahamri, kama wafanyavyo kina mama wa kanisani. Mama Kahindi pia alikuwepo. Mzee alikaa mwisho wa mkeka, redio imelala pembeni yake.

Walizungumza naye kwa upole. Alijibu kila swali sawasawa, kama mtu anayefanyiwa mtihani. Mwisho Sidi akanigeukia mimi.

“Fundi, wewe ndiye uliyemrekodi mama. Hebu mwambie baba, mbele yetu sote. Sauti iliyo kwenye hiyo redio ni ya nani?”

Nitakuwa mkweli hapa, kwa kuwa sikuwa mkweli pale. Nilijua ninachoulizwa. Nilijua kwamba neno langu litamtoa mzee nyumbani kwake. Nilimwona akinitazama, na machoni mwake bado kulikuwa na tumaini dogo kwamba nitasema vingine.

Nikasema, “Ni ya mama yenu.”

Mzee akashusha macho. “Basi nipelekeni,” akasema. “Mtu asiyemjua mkewe haaminiwi hata na mtungi wa maji.”

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni akimimina chai, akaweka chupa chini. Hakunitazama. Alisimama pale pale mlangoni, na kitambaa cha kufutia mikono bado kipo begani, akaimba: “Inama, mwanangu, inama uingie.”

Hakuna aliyesogea. Kila mtu pale alikuwa ameisikia sauti hiyo kwenye simu yake mara nyingi kuliko awezavyo kukumbuka.

Mzee akasema, “Rudia, mwanangu.”

Akarudia, machozi yakimtoka. Mzee akaiwasha redio, akaisikiliza kidogo, akaizima. Kisha akacheka. Alicheka kweli, yule mzee Mkristo aliyezoea kuapa kama wenzake Waislamu wa bandarini, akajipiga paja.

“Sidi! Wallahi sijamsahau mama yako. Mwasikia? Sijamsahau.”

Hata kukiri sikukiri mimi. Alikiri mke wangu, ambaye hakuwa na kosa ila kunitii. Nikasimama nikaeleza kilichobaki. Vijana wa mzee waliinuka kwa hasira, mmoja akanishika ukosi, baba yao akawaambia wakae. Alikuwa bado na furaha usoni.

“Haya, fundi,” akasema. “Mwanadamu hukosea. Yamekwisha. Sasa nipe ile ya kwake.”

Akanisogezea ile redio.

“Ile aliyoimba yeye. Nitilie kwenye hii kadi.”

“Sina, mzee.”

“Umeiweka wapi?”

“Niliifuta.”

Furaha ile ilimtoka polepole, nami nilikaa nikaitazama ikitoka. Akauliza kwa nini. Nikasema niliona ina makosa.

“Makosa gani?” akauliza mzee.

Nimesoma miaka mingi, naweza kueleza kwa nini friji inavuja na kwa nini sauti inapanda, na swali hilo dogo lilinishinda. Mama Kahindi akajifunika uso kwa leso, akatoka nje.

Watu walitafuta. Kila mmoja wa familia alipekua simu yake, na majirani wakapekua zao. Kuna picha nyingi za Mama Sidi. Kuna video moja ya harusi anapita nyuma na sinia la wali, lakini muziki umefunika kila kitu. Sauti yake haipo popote. Nilikaa na kompyuta kwa wiki kadhaa nikijaribu kila njia ninayoijua ya kurudisha kilichofutwa. Nilikuwa nimeshahifadhi nyimbo nyingine palepale ilipokuwa sauti yake. Kilichorudi ni vipande vya kelele, na pumzi moja ambayo siwezi kuapa kuwa ni ya mtu.

Mzee hakuhamishwa. Hilo tu ndilo zuri, na sikulifanya mimi. Bado anauza maji. Redio aliirudisha kwangu kupitia mjukuu, bila neno. Tukikutana, huitikia shikamoo yangu kama zamani, na heri angenitukana.

Kina mama hawaji tena kurekodi. Hawakunifukuza wala kunisema. Wanaimba kwao, na mtu akitoa simu ili anase, Mama Kahindi humwambia airudishe mfukoni. Zile nyimbo nilizosema nitaziokoa zitakwenda na wenyewe, na sababu ni mimi. Mke wangu hajaimba tena hata akifua. Tunaishi vizuri, tunasalimiana, tunakula pamoja, lakini ile nyumba iliyokuwa na wimbo jikoni asubuhi sasa ina redio ya habari.

Na wimbo wenyewe haurudi. Niliandika kwenye magrupu yote kwamba kiitikio si cha Mama Sidi, nikaomba watu waufute. Wachache walinijibu “Amina”. Wengine waliutuma tena. Majuzi nilikuwa Likoni nikingoja feri, nikamsikia mama mmoja muuza mihogo akiuimba huku akimenya. Alifika mwisho wa mstari, akangoja pigo la nne, ndipo akaitika. Alingoja vile vile nilivyotaka mimi. Pwani nzima itajifunza kungoja, kwa sababu fundi mmoja wa Utange alikuwa amesoma vitabu.

Wewe unayerekodi mama yako akiimba jikoni, au kwaya yenu ndogo, au babu akiomba kabla ya chakula, nakuomba sana. Usimpambe mtu bila ruhusa yake. Ukiona amekosea, muulize kwanza kwa nini anafanya hivyo, halafu nyamaza umsikilize. Na ukikosa wewe, sema siku hiyo hiyo, kabla uongo wako haujapata watu wa kuuamini.

Na kama simu yako imejaa na una sauti ya mtu humo, imekwaruza, imetangulia pigo, jogoo anawika nyuma yake, futa vingine. Hiyo iache. Kuna mtu atakuja kuiomba.